Kadi ya picha GT 730 imegoma kwenye Linux Mint, skrini nyeusi, na kadi 200 za harusi zinatakiwa Ijumaa (Tanga)

MpigaChapa
Wakuu, salaam. Naandika kwa simu maana kompyuta ndiyo hiyo haionyeshi kitu.

Nina kibanda cha steshenari huku Ngamiani, Tanga. Nachapa kadi za harusi, vipeperushi, nafunga ripoti za wanachuo, na siku hizi nahariri video za harusi kwa programu ya Kdenlive. Mashine ni Dell OptiPlex 7010 ya mtumba, prosesa i5-3470, RAM GB 8, Linux Mint 21. Miaka miwili imefanya kazi bila ugomvi.

Sasa watu wakaniambia video zangu zinachelewa kutoka kwa sababu sina kadi ya picha. Juzi nikapata GT 730 ya kampuni ya NVIDIA, GB 2, imetumika ila safi, na boksi lake lipo, elfu sitini. Nikaipachika, ikawaka vizuri tu, picha zikaja. Kosa langu ni kutotosheka. Nikatazama video moja mtandaoni, jamaa akasema draiva (programu inayoiendesha kadi) ya GT 730 ni 470, nikaandika kama alivyoandika:

sudo apt install nvidia-driver-470

Nikazima na kuwasha. Ikaja, lakini maandishi yamevimba kama yana tetekuwanga na kila kitu kizito. Nikarudi kwenye video, kumbe kuna hatua ya pili niliiruka:

sudo nvidia-xconfig

Nikazima na kuwasha tena. Nembo ya Dell, nembo ya Mint, halafu giza. Kimstari kinamweta juu kushoto, basi. Kazi zote zimo humo na sina nakala. Mwenye harusi anapita dukani kila jioni kuniuliza "vipi?", na mimi najibu "inakwenda".

SitiYaMbele
Draiva gani hiyo ya yaja leo yaondoka leo, kama Tanga kwenyewe. Nimekaa hapa nasubiri wajuzi.

Kange_Stendi
Mkuu, mambo ya Linux haya ni ya watu wasio na kazi. Weka Windows, maisha yaendelee.

MpigaChapa
Kange, kazi zangu nilizochora kwa Inkscape miaka miwili zimo kwenye diski hiyo. Sifuti kitu. Na hiyo Windows ndiyo niliyoikimbia kwa virusi vya fleshi za wanachuo.

BoraUhai
Wakati inawaka shikilia Shift, itakuja menyu ya GRUB, ile programu inayoiwasha Linux. Bonyeza e, tafuta mstari wenye quiet splash, mbele yake ongeza nomodeset, kisha F10. Mimi ilinisaidia.

MpigaChapa
Nimefanya, giza lile lile.

FundiMkonge
Haiwezi kusaidia, na nitasema kwa nini, maana hii nomodeset watu wanagawana kama panadoli. Kazi yake ni kuzuia draiva zilizo ndani ya kerneli (kiini cha Linux), kama nouveau ya kadi za NVIDIA au i915 ya Intel, zisichukue skrini. Inafaa pale draiva ya namna hiyo inapoichanganya kadi, ili upate upenyo wa kuingia na kurekebisha. Wewe tatizo lako liko juu zaidi, kwenye Xorg, programu inayoleta picha kwenye skrini, na nina hakika ni ile hatua yako ya pili.

Mashine haijafa, dogo. Ikifika kwenye giza bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Itakuja skrini ya maandishi matupu ikuombe jina na nywila. Ingia, kisha:

grep "(EE)" /var/log/Xorg.0.log

Niandikie inachosema. Usifanye kingine chochote. Na hiyo video ya mtandaoni ifunge.

MpigaChapa
Shikamoo fundi. Imekubali kuingia! Kumbe ndani mzima. Mistari ni hii, nimenakili kwa mkono:

(EE) NVIDIA: Failed to initialize the NVIDIA kernel module
(EE) no screens found

FundiMkonge
Marahaba. Ndiyo hiyo. Amri ya nvidia-xconfig inaandika faili linaitwa /etc/X11/xorg.conf, na ndani yake inaiambia Xorg: tumia draiva ya nvidia, usitazame nyingine. Draiva ya nvidia yenyewe haikuamka. Basi Xorg imebaki mlangoni na amri moja isiyotekelezeka, ikakata tamaa. Kabla ya hapo, ulipokuwa na yale maandishi yaliyovimba, ilikuwa inajitafutia njia nyingine ya kuchora na inapata, japo mbovu.

Zamani kila mtu alilazimika kuliandika faili hilo kwa mkono, mpaka masafa ya monita. Siku hizi Xorg inajitambulia vifaa yenyewe, na faili hilo likiwepo bila sababu ni mtego. Lisogeze pembeni:

sudo mv /etc/X11/xorg.conf /etc/X11/xorg.conf.zamani
sudo systemctl restart lightdm

MpigaChapa
IMERUDI! Alhamdulillahi. Maandishi bado yamevimba, 1024 kwa 768, ila naona mafaili yangu yote. Fundi Mungu akulipe. Mods mnaweza kufunga uzi.

SitiYaMbele
Hata kahawa sijamaliza.

FundiMkonge
Usifunge kitu. Kwanza nakili kazi zako kwenye fleshi sasa hivi, kabla hujanijibu. Halafu weka pakeji ya mesa-utils kama haimo, na unipe majibu ya hizi tatu:

glxinfo -B | grep -i renderer
lspci -nn | grep -i vga
sudo dmesg | grep -i nvrm

SecureBuut
Fundi samahani nadandia. Je, si Secure Boot hiyo, ule ulinzi wa wakati wa kuwasha mashine? Mimi kwenye laptopu yangu moduli ya nvidia (kipande cha draiva kinachoingia kwenye kerneli) ilikataa kuamka mpaka nilipouzima kwenye BIOS, mipangilio ya kuwashia mashine.

FundiMkonge
Swali zuri, na kwa mashine za karibuni ningeanza na hilo. Secure Boot ikiwa imewashwa, kerneli inakataa moduli isiyo na saini, na moduli ya nvidia hujengwa hapo hapo kwenye mashine yako na DKMS, programu ya kujenga moduli, kwa hiyo lazima ufunguo wake uwe umesajiliwa. Mtu akitaka kujua hali yake aandike mokutil --sb-state. Ya pili ya kutazama ni dkms status: kerneli ikipanda na vichwa vyake, yaani linux-headers, havikupanda nayo, moduli haijengwi na unaamka gizani. Lakini huyu nadhani ana ugonjwa mwingine. Tusubiri.

MpigaChapa
Nimenakili, fleshi mbili. Majibu:

Ya kwanza imeandika llvmpipe.

Ya pili: 01:00.0 VGA compatible controller [0300]: NVIDIA Corporation GF108 [GeForce GT 730] [10de:0f02] (rev a1)

Ya tatu Kiingereza kirefu, ila nimeona imetaja 390.xx, na mwisho inasema draiva ya 470 will ignore this GPU.

FundiMkonge
Nilijua. Tuanze na llvmpipe. Maana yake ni kwamba hapo hakuna kadi inayochora. Prosesa yako inachora kila nukta kwa mkono wake, huku elfu sitini zako zimekaa zinazungusha feni. Ndiyo maana nimesema usifunge uzi. Skrini kuwaka na kadi kufanya kazi ni mambo mawili.

Sasa lspci. Jina lililo kwenye mabano, GeForce GT 730, ni la sokoni. Lililo kabla yake, GF108, ndilo jina la chipu. NVIDIA walitoa GT 730 mwaka 2014, na jina hilo moja wakaliweka juu ya chipu mbili tofauti. Moja ni GK208, ya kizazi walichokiita Kepler. Nyingine ni GF108, ya kizazi cha Fermi, chipu ambayo ilikuwa sokoni tangu 2010 ndani ya GT 430. Wakaivika kanzu mpya wakaiita 730. Yako ndiyo hii ya kanzu.

Draiva ya 470 inaanzia Kepler. Fermi mwisho wake ni tawi la 390. Jamaa wa kwenye video hakukudanganya, yeye alikuwa na GK208. Uliposakinisha 470 yalitokea mawili: pakeji ikaizuia nouveau, draiva huria ambayo ndiyo iliyokuwa inakuonyeshea picha safi siku ya kwanza, kisha yenyewe ikaitazama kadi na kusema hii si ya kwangu. Aliyekuwa zamu amefukuzwa, na mgeni hataki kazi.

MpigaChapa
Fundi, boksi limeandikwa GT 730 kubwa kabisa. Kwa hiyo nimeuziwa feki? Kesho alfajiri niko mlangoni kwake.

FundiMkonge
Si feki. Ni GT 730 halali, na ndiyo ubaya wake. Geuza boksi usome ubavuni: ikiandikwa 128-bit DDR3 na kora 96, ni Fermi. Ikiwa 64-bit na kora 384, ni Kepler. Hata umeme zinatofautiana, Fermi inakula wati 49, Kepler haizidi 25.

MpigaChapa
128-bit DDR3. Na mimi nilipoiona hiyo 128 nilifurahi, nikasema namba kubwa ndiyo bora.

Raskazone_Upepo
Hahaha, pole yakhe. Muuzaji naye huenda hajui. Mtumba unakuja wa kilo, nani akae asome nyuma ya boksi.

PwaniBSD
Nimepita tu. Mimi natumia FreeBSD, mfumo mwingine huria kama Linux, na shida ni hiyo hiyo kwa jina lingine: kwenye maktaba ya pakeji kuna nvidia-driver, nvidia-driver-470 na nvidia-driver-390, ukichukua isiyo yako unapata giza la aina yako mwenyewe. Kwa wenye Intel mambo ni mepesi, unaweka drm-kmod, unaandika kld_list="i915kms" kwenye /etc/rc.conf, unajiingiza kwenye kundi la video, umemaliza.

Na msisahau Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, mwaka 2012 pale Chuo Kikuu cha Aalto, Ufini, alivyowanyooshea NVIDIA kidole cha kati mbele ya kamera. Mwaka 2022 ndipo wakafungua msimbo wa moduli zao za kerneli, lakini ni kwa kadi za Turing, kizazi kipya zaidi, na kuendelea. Fermi na Kepler hazimo.

Kange_Stendi
Ndiyo maana nikasema Windows.

FundiMkonge
Kange, hata huko Windows kadi hii draiva yake ya mwisho ni ya 2018. Chipu ni ile ile.

MpigaChapa, una njia tatu.

Weka 390. Mint 21 imejengwa juu ya Ubuntu 22.04, na 390 imo humo. Kwa kerneli ya 5.15 uliyonayo itajengeka. Ila NVIDIA wenyewe waliacha kuishughulikia mwisho wa 2022, kwa hiyo siku ukipandisha kerneli mpya unategemea viraka vya watu wema.

Au ondoa nvidia yote urudi kwenye nouveau. Kwa Inkscape na GIMP inatosha sana. Ubaya wake, kwa Fermi nouveau haiwezi kupandisha mwendo wa chipu. Inabaki na ule iliyoamka nao.

Ya tatu nitakuuliza kwanza: hiyo kadi uliinunulia kazi gani hasa?

MpigaChapa
Video itoke haraka kwenye Kdenlive. Video ya harusi yenye urefu wa saa mbili inanichukua usiku kucha. Walisema NVIDIA ina NVENC, inasukuma video yenyewe prosesa ikipumzika.

FundiMkonge
Basi kaa chini kabla sijaendelea.

NVENC ilianza na Kepler. Fermi haina. Si kwamba draiva inakataa, hicho kipande cha saketi hakimo ndani ya chipu. Hata ukiweka 390 ikae sawasawa, video yako itatoka kwa prosesa kama zamani, na bili ya umeme juu.

Ila i5-3470 yako ina picha zake ndani ya prosesa, Intel HD 2500, na humo mna Quick Sync, mashine ndogo ya kusukuma H.264, muundo wa video uliozoeleka. Imo tangu siku ulipoinunua. Ulipopachika kadi, BIOS ikaizima picha ya Intel, ndiyo maana hata kwenye lspci yako haionekani, umeona mstari mmoja tu. Kwa hiyo, mdogo wangu, umetoa elfu sitini kukizima kifaa ulichokuwa unakitafuta.

SitiYaMbele
Duh.

Raskazone_Upepo
Hapa mtu anaomba maji ya kunywa.

MpigaChapa
Nimecheka peke yangu dukani mpaka mteja akaniuliza kama mzima. Haya, njia ya tatu nimeielewa. Nianzie wapi?

FundiMkonge
Kadi isitoke kwanza. Safisha programu ukiwa bado unaona:

sudo apt purge 'nvidia-*' 'libnvidia-*'
sudo apt autoremove

Kabla ya kubonyeza Y soma orodha ya vinavyoondolewa. Ukiona cinnamon (sura ya Mint yenyewe) au xorg humo, simama uniulize. Ikimaliza zima, chomoa umeme ukutani, toa kadi. Waya wa monita uchomeke kwenye tundu la VGA la mazabodi yenyewe. Wengi huisahau hii, wanatoa kadi na kulalamika hakuna signali huku waya unaning'inia.

Na ukiwa umefungua boksi, futa vumbi. Huku kwetu bahari iko jirani, chumvi inakula miguu ya RAM taratibu. Chukua kifutio cheupe cha mwanafunzi, sugua ile miguu ya dhahabu polepole, pangusa, rudisha. Nimeshawarudishia watu mashine "zilizokufa" kwa kifutio cha mia mbili.

MpigaChapa
Wakuu, umeme umekatika katikati ya purge. Sina UPS. Naandika haya gizani kweli safari hii.

BoraUhai
Usiogope. Ukirudi, Ctrl Alt F3, kisha sudo dpkg --configure -a, halafu rudia purge. Dpkg, programu inayosakinisha na kuondoa pakeji, inakumbuka ilipoishia.

FundiMkonge
Sawa kabisa Bora, hapo umenena. Mwongeze sudo apt -f install kama itaendelea kulalamika.

MpigaChapa
Umeme umerudi saa 4 usiku. dpkg imemalizia, purge imekwisha, orodha nilisoma, cinnamon haikuwemo. Kadi nimetoa. Vumbi humo ndani, hata sisemi. RAM nimesugua kwa kifutio. Nimewasha: picha safi, 1920 kwa 1080, maandishi yamepona tetekuwanga. glxinfo sasa inasema Mesa Intel HD Graphics 2500 (IVB GT1).

Kwenye GRUB sikuandika nomodeset ya kudumu, ilikuwa ya mara moja tu, sivyo?

FundiMkonge
Ya kwenye menyu inaisha ukizima. Ya kudumu ni ile ya /etc/default/grub, hukuigusa. Na hiyo IVB ni Ivy Bridge, kizazi cha prosesa yako cha 2012. Sasa video:

sudo apt install i965-va-driver-shaders vainfo
vainfo

Kwenye orodha tafuta mstari wa H264 wenye EncSlice mwishoni. Ukiuona, Quick Sync iko tayari. Kdenlive ukifika kwenye kutoa video tafuta kundi la hardware, chagua VAAPI (njia ya kuitumia hiyo Quick Sync) ya H264. Nikuambie ukweli lakini: kwa ukubwa ule ule wa faili, picha ya x264, ile inayosukumwa na prosesa yenyewe, ni nzuri zaidi kidogo. Ya haraka mpe mteja aitume kwa simu, ya kuweka kumbukumbu iache itoke usiku.

MpigaChapa
EncSlice ipo, mistari kadhaa. Nimejaribu kipande cha dakika 10 cha kuingia bwana harusi. Zamani kingenichukua muda wa kwenda kuswali na kurudi, sasa hata chai haijapoa. Usiku nimechapa kadi zote 200. Mwenye harusi kazichukua asubuhi na hajui lolote.

Raskazone_Upepo
Na muuzaji ulimwendea?

MpigaChapa
Nilimwendea, nikamwonyesha uzi huu kwenye simu. Kasoma mpaka mwisho. Kasema yeye alijua 730 ni 730. Pesa hana, keshanunulia mzigo mwingine, ila kanipa kibodi na waya wa DisplayPort. Tumeachana kwa amani.

Kadi naiuza elfu ishirini. Nimeibandika karatasi mgongoni, nimeandika kwa maka peni: GF108, FERMI, DRAIVA 390, HAINA NVENC.

PwaniBSD
Kwa maelezo hayo nani atanunua?

FundiMkonge
Mimi. Kuna mzee Chumbageni ana kompyuta isiyo na picha ndani ya prosesa, anasoma magazeti na barua pepe tu. Nouveau itamtosha. Kesho baada ya Adhuhuri napita dukani kwako, usiibandue hiyo karatasi.